Mstari wa Sponji

Sumaya ni fundi wa kushona nguo za wanawake katika mtaa wa Cibitoke. Jumamosi huacha cherehani, akachukua gitaa la umeme na kupiga rock pamoja na Ilyasi, mchomeleaji vyuma, ambaye hupiga ngoma. Wimbo wao bora ulihusu mabango ya mjini: nyuso za wanawake maarufu zilizosafishwa hadi hazina kovu wala chunusi, zikiwafundisha wasichana kuzionea aibu nyuso zao wenyewe. Ulikuwa wimbo wa haki, na ulistahili kelele zake.

Mmoja wa wanawake wa mabango hayo ni Chanelle. Aliwahi kuimba na Sumaya, kabla hajaanza kutangaza mafuta ya ngozi na kuhamia Kiriri, mtaa wa matajiri. Kila bango jipya lilimchoma Sumaya. Alisimama chini yake akitafuta dosari, na asipoiona alirudi nyumbani amenuna.

Mwaka huu Chanelle alikuja kushonewa gauni. Kwa mafundi wetu, mteja akipimwa pazia hufungwa, na kilichoonekana huko hakisimuliwi. Bila hivyo hakuna mwanamke ambaye angekubali kuvua.

"Sumaya wangu," Chanelle alinong'ona nyuma ya pazia, "uniwekee sponji hapa kwenye viuno. Kwenye picha mi naonekana kama ubao."

Sumaya aliiweka kwa ustadi. Picha ilipotoka, mji mzima ulisifu umbo la Chanelle. Hakuna aliyeuliza gauni limeshonwa na nani. Siku hiyo hiyo Sumaya aliongeza mstari kwenye wimbo wake.

Mazoezini Ilyasi aliacha kupiga ngoma. "Da Sumaya, ule mustari utoe."

"Kwa nini? Si ni kweli?"

"Ni kweli ya nyuma ya pazia. Hiyo si rock tena, ni masengenyo yenye gitaa."

"We unamutetea kwa sababu ni muzuri!"

"Apana. Mi nakutetea we."

Sumaya aliuimba Kajaga, ufukweni, mbele ya umati: viuno vya bango ni sponji, na mimi ndiye niliyevishona. Watu walicheka huku wakigonga meza. Aliyoyasema kuhusu mabango hayakusikilizwa tena; walitaka sponji irudiwe, naye akairudia. Kuikasirikia picha ya uongo ni jambo jema. Kumvua hadharani mwanamke aliyekuamini ni ubaya, hata ukiufanya kwa muziki.

Jumatatu alikuja Daphrose, aliyekuwa akijiandaa kumwoza binti yake Fabiola. Aliomba arudishiwe kitenge chake kabla hakijakatwa.

"Kuna shida gani, mama Fabiola?"

"Shida ni tumbo langu, mwanangu. Nilikuambia ulifiche. Sitaki kulisikia Kajaga."

Wateja wengine wakafuata, mmoja mmoja, kila mtu na kitambaa chake kwapani.

Siku hizi vijana wakipita mbele ya mlango wake huita, "Mama Sponji! Tuimbie!" Sumaya alitaka jina, na hilo ndilo alilolipata. Chanelle ana fundi mwingine, na bango lake jipya liko njia ya sokoni. Sumaya hulitazama kila asubuhi.

"Bega la gauni limevutika," humwambia Ilyasi. "Yule fundi hajui kazi."

"Kunyamaza anajua, dada," Ilyasi hujibu, na Sumaya huinua tena macho, akitafuta dosari nyingine.