Apige Simu Tu

Kaka yangu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa kidato cha tatu. Alipona, lakini usikivu haukurudi. Sauti yake ilibaki, na kwa kuwa hakuisikia mwenyewe, alizungumza kwa nguvu kama mtu anayeita ng'ombe walioko ng'ambo ya korongo. Alihama kijijini kwetu Sepuka, akafungua kibanda cha cherehani Singida mjini, akaoa mwalimu wa shule ya msingi.

Ilikuwa miaka ile biashara ya simu ilipoachiwa watu binafsi. Kila duka lilibandika bango la simu, na watu walipanga foleni kuongea na ndugu zao wa Arusha na Dar. Kaka alipita katikati ya foleni zile bila kugeuka. Kisha wifi akaenda Mwanza kusomea diploma, wakabaki wakiandikiana barua zinazofika habari zikiwa zimeshachacha.

Mimi nilikuwa mhudumu kwenye kituo cha intaneti, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilijua kwamba kuchati kungewafaa, ila palikuwa na kikwazo. Kompyuta za wateja hazikutoka nje zenyewe. Kila ombi lilipitia mashine moja iliyokaa chumbani kwa meneja, tuliyoiita proksi; hiyo ndiyo iliyokwenda mtandaoni na kutuletea ukurasa. Programu za kuchati zilitaka njia yao ya moja kwa moja hadi kwenye seva, na proksi yetu ilipitisha kurasa za wavuti tu. Kwa hiyo zilijaribu kuunganisha weee, mwisho zikagoma.

Nilihangaika mpaka nikapata tovuti ya kuchati inayofanya kazi ndani ya ukurasa wa kawaida. Ukurasa unatuma ombi kama vile unaomba picha. Seva ya huko inalishikilia ombi hilo hadi ujumbe utakapopatikana, ndipo inajibu. Proksi ilidhani inaleta kurasa. Sisi tulipata mazungumzo.

Jumamosi ya kwanza wifi aliandika, "Umekula?" Kaka akaanza kutafuta herufi kwa kidole kimoja. Kabla hajamaliza, likaingia neno jingine: "Usinidanganye." Alicheka mpaka wateja wakageuka. Akanieleza kwa Kinyaturu, kwa sauti ile yake, kwamba mkewe amemkatiza. Tangu augue, hakuwahi kukatizwa na mtu aliye mbali. Nilitoka nje kidogo, maana machozi yalikuwa yananijia.

Waliendelea hivyo kila Jumamosi, hadi siku moja ukurasa ulipokataa kufunguka. Badala yake yalitokea maandishi mekundu ya Kiingereza kwamba ruhusa imekataliwa. Kaka alinitazama akidhani amebonyeza vibaya. Nikaenda kwa meneja.

"Nimefunga tovuti zote za kuchati," alisema bila kuinua macho. "Zinakula mtandao. Watu wa ofisini wanalalamika."

"Bosi, kaka yangu yuko pale na mke wake anamsubiri Mwanza."

"Simu zipo hapo chini. Apige simu tu."

"Hasikii, bosi. Unamjua."

"Basi aandike barua pepe. Tofauti yake nini?"

Nilikuwa najibu kwamba barua pepe haimkatizi mtu, haicheki naye, ndipo nikaona kioo cha kompyuta yake. Dirisha la kuchati lilikuwa wazi, tena tovuti ileile. Mtu fulani alikuwa anamwandikia, "Mbona kimya, mpenzi?" Meneja alikuwa ameziba njia kwa wote, akaacha mashine yake. Alijua nimeona, na wala hakuhangaika kulifunga.

Nilihitaji kazi, nikageuka niondoke. Ila kaka alikuwa amenifuata, amesimama mlangoni, na macho yake hayakuwa na hitilafu yoyote.

"Kwa nini ya kwako inafungua?" aliuliza.

Aliuliza kwa sauti yake ya korongoni. Kituo kizima kilisikia. Meneja akaniambia, "Mtoe nje, anapiga kelele." Kaka hakusikia hilo, akarudia swali lake, taratibu, kama anayemsaidia mtu mgumu wa kuelewa. Mama mmoja aliyekuja kutafuta bei za alizeti aliinuka akaja mlangoni kuangalia kioo. Wakafuata wengine wawili.

"Kijana," mama yule alimwambia meneja, "tangu asubuhi unanipita bila shikamoo, nikasema una kazi nyingi. Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii?"

Meneja alisimama, akafunga mlango. Baada ya muda alitoka akasema ameruhusu kompyuta moja, ile ya pembeni yenye kibodi inayonata, na ni Jumamosi tu. Wifi alikuwa bado yupo mtandaoni. Alikuwa ameuliza mara nyingi kama kuna msiba.

Wengi walioniona siku ile waliniambia nishukuru. Sikushukuru, na mpaka leo sishukuru. Kaka alikuwa mteja kama wengine. Alichorudishiwa ni kile kile alichonyang'anywa, tena kipande tu, na bado alitakiwa ainamishe kichwa. Wiki chache baadaye walikuja wageni wa mradi fulani kutembelea kituo. Meneja aliwapitisha hadi kwenye kompyuta ya pembeni, akamwekea kaka mkono begani.

"Hapa tunahudumia hadi walemavu," aliwaambia.

Kaka aligeuka kuona ni nani amemshika. Akautoa mkono ule begani kwake, bila ukali, akaendelea kuandika. Wifi alikuwa amemuuliza bei ya vitunguu imefika wapi.

Mimi niliacha kazi mwezi uliofuata. Yeye aliendelea kwenda kila Jumamosi, mpaka mkewe aliporudi na diploma yake.