Wifi Alipoimisi Feri

Kaka yangu alioa Ufini, alikokwenda kusoma, na likizo moja akamleta mkewe kwa mama, Nansio. Wifi alikuwa amejifunza Kiswahili kwa bidii. Neno lilipomkimbia alichomeka la Kiingereza na kuendelea. Mama Kiingereza hajui, ila wajukuu wamemzoesha kusikia "bibi, nimekumisi" kwenye simu, na neno hilo analipenda mno.

Siku moja wifi alivuka ziwa kwa feri kwenda Mwanza kufuata sanduku lake lililochelewa uwanja wa ndege. Akalala huko. Asubuhi akapiga simu, mama akaweka spika ili nami nisikie.

"Shikamoo mama. Samahani, nimemisi feri."

"Marahaba mwanangu. Umeimisi? Si uipande tu!"

"Haiwezekani, mama. Imeondoka."

"Itarudi," mama akambembeleza. "Usilie."

Nilicheka hadi nikashindwa kusema. Mama alikata simu akanikaripia: si vizuri kumcheka mgeni mwenye upweke. Kwao wifi kuna maziwa mengi ya kuvuka kwa feri, kwa hiyo mama hakuona ajabu mtu kuitamani feri.

Feri ya mchana ikamleta. Jioni, mama akisonga ugali wa muhogo, nikamweleza kwamba feri ilikuwa imemwacha wifi, basi. Mama akamgeukia.

"Kumbe mtu na feri ni neno moja? Na wale wasichana wa mashindano ya urembo, nao si Misi?"

"Nao pia, mama," wifi akacheka. "Kiingereza ndivyo kilivyo. Sisi tumetenganisha. Feri ikikuacha, ni myöhästyä. Binti ni neiti. Mtu wako akiwa mbali, unasema una ikävä." Kisha akaongeza kuwa ikävä hiyohiyo ni jambo lolote lisilopendeza, kama mvua ya kutwa nzima.

"Hapo mmesema kweli," mama akasema. "Haipendezi hata kidogo."

Kaka, aliyekuwa akiparua sato mlangoni, akamwambia mkewe, "Mtajie na lile jingine."

Wifi akasita. "Kaivata. Ni kumkosa mtu unayemhitaji. Linafanana na neno letu la kuchimba, kaivaa."

Mama akaacha kusonga. Baba alikuwa amefariki mwaka ule, na tangu mazishi mama alitujibu kila tulipouliza kwamba yeye ni mzima, tusijisumbue.

"Kuchimba," akasema taratibu. "Ndivyo ilivyo. Nikiamka tu, panachimba hapa." Akagusa kifua.

Mimi na kaka hakuwahi kutuambia hivyo. Kaka akainamia samaki wake. Wifi ndiye aliyeuchukua mwiko akamalizia ugali. Ulijaa mabonge. Tuliula hivyohivyo, huku mama akitusimulia jinsi baba alivyokuja kumposa amevaa viatu vya kuazima, vikubwa mno, na jinsi kimoja kilivyomvuka mbele ya wakwe.