Besa Nne ya Darakasi

Ukitaka kuniita mwongo, niite sasa hivi, maana nikishaanza sitarudi nyuma. Haya sikuhadithiwa. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, akili zangu timamu.

Marehemu baba alikuwa na sarafu tano za enzi za Wataliani: besa moja, besa mbili, robo rupia, nusu rupia na rupia nzima. Tulipoikimbia Kismayo mwaka wa tisini na moja, mama alizishonea kwenye pindo la kanga yake. Tulilala njaa Mombasa, lakini baba hakuuza hata moja. Seti nzima ni sarafu sita. Iliyokosekana ilikuwa besa nne, sarafu moja yenye thamani hiyo, na siku za mwisho aliniambia, "Mwanangu, mimi nimeshindwa. Itafute wewe."

Basi nikaitafuta. Niliporudi Kismayo na kufungua duka la madera, kila mama mtu mzima aliyeingia nilimuuliza. Miaka saba! Mume wangu alisema nimepagawa. Siku moja mteja akaniambia, "Zamani kule kisiwani Darakasi wanawake walizitoboa besa nne wakazivaa shingoni." Kesho yake nikakodi boti ya binamu yangu Athmani.

Tulifika kisiwani adhuhuri. Athmani akabaki ufukweni kusali. Mimi nikapanda kwenye magofu, na nyuma ya msikiti uliobomoka nikamkuta mwanamke akiteka maji kisimani. Alikuwa wa makamo, kajifunga kaniki, na shingoni, katika uzi mweusi, ilining'inia besa nne. Niliitambua mara moja: kichwa cha mfalme wa Kitaliani, na ilipogeuka, maandishi ya Kiarabu.

"Mchu wa nani wewe?" akaniuliza kwa Kibajuni cha wazee, yaani mimi ni mtu wa nani.

Nikamtajia baba, nikamweleza habari ya seti, nikamwambia ataje bei yoyote. Akacheka.

"Pesa za nini huku? Nipe mkono, uichukue."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Si ndivyo watu wanavyofunga biashara? Nikamnyoshea mkono wa kulia. Wake ulikuwa wa baridi, baridi ya chuma. Aliushika kitambo kirefu huku akinitazama usoni, kisha akauachia. Sarafu ikawa kiganjani mwangu. Nilipoinua macho, hakuwapo.

Athmani alinijia mbio. "Dada, unaongea na nani?"

"Na huyu mama wa kisimani."

"Mama gani? Nimekuona peke yako, umenyosha mkono hewani!"

Nikakiangalia kile kisima. Wallahi, kilikuwa kimejaa mchanga hadi mdomoni, na mchongoma umeota juu yake.

Tukarudi Kismayo. Jioni ile nikaepua sufuria motoni kwa mkono mtupu. Harufu ya nyama kuungua ikanifikia puani, nikageuka kutafuta inatoka wapi. Kumbe ni mimi! Sikuwa nimehisi chochote. Toka siku hiyo mkono huu wa kulia unashika, unafunga, unaandika, lakini hauhisi. Moto, maji, shavu la mwanangu, vyote kwake ni kitu kimoja. Daktari alichoma sindano kila kidole, akatikisa kichwa. Shehe akasoma hadi sauti ikamkauka.

Mama alilia, akanisihi nikairudishe. Nikakataa. Baba alishinda njaa kwa ajili ya sarafu hizi, na bei yake nilikuwa nimeshailipa. Nikazipanga zote sita kwenye fremu yenye kioo, nikaitundika ukutani dukani.

Nilidhani yameisha. Mwezi uliopita Mbajuni mmoja aishiye Ulaya, naye mkusanyaji wa sarafu, aliona picha ya fremu yangu. Akanipigia kunipongeza, kisha akasema besa nne zilitolewa miaka mbalimbali, na seti kamili kweli inataka ya kila mwaka. Eti alisikia nyingine ipo Burgao, shingoni kwa mwanamke anayeonekana adhuhuri tu.

Sijaenda. Kila asubuhi nafungua duka, naitazama ile fremu, najiambia siendi. Nawe ndugu yangu, siku utakapokipata kile ulichokitafuta miaka na miaka, na mwenye nacho akakwambia "nipe mkono," muulize kwanza anamaanisha nini. Mimi sikuuliza, na sasa nimebaki na wa kushoto tu.