Mavyaa alipowafananisha wanangu na nzi wa maabara

Wakuu, salaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Haya ni yangu mwenyewe, sijatia chumvi.

Miaka ya tisini nilifanya kazi kwenye maabara ndogo ya wadudu upande wa Kilindini, Mombasa. Nilikuwa nafuga nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi mbivu.

Tulikuwa na spishi mbili zinazofanana mno. Ukipandisha jike la huku na dume la kule, watoto wa kike wanakua. Wa kiume wanafia kwenye chupa wangali mabuu.

Sababu ni jeni. Moja ya mama, moja ya baba, kila moja kwao haina neno. Zikikutana ndani ya mtoto wa kiume, zinamuua.

Nyumbani ilikuwa Mji wa Kale, kwa wakwe. Mume wangu Salim ni mtu wa pale tangu jadi. Mimi Mgiriama, nilisilimu kabla ya ndoa. Mavyaa, mamake Salim, aliniuliza siku moja kazi yangu ni nini hasa. Nikamweleza, tukacheka.

Kisha nikazaa mtoto wa kiume, akafa kabla ya arobaini. Wa pili, wa kiume pia, alizaliwa kimya. Hospitali hawakutupa sababu.

Wanaume wakaenda kuzika. Sisi wanawake tuko ndani mkekani, mavyaa akasema mbele ya wote:

"Si wewe uliyenambia, mwanangu? Damu mbili zikichanganywa, wa kiume hafiki."

"Mama, wale ni spishi mbili. Mimi na Salim ni binadamu, ni kitu kimoja."

"Basi wako wapi?"

Nikainuka, nikaenda kumngoja Salim mlangoni.

Salim aliporudi kutoka makaburini nilimwambia. Akasema, "Mama ana uchungu, mvumilie."

Nikavumilia. Mwaka haukwisha, Salim akaozwa binti wa ami yake. Mimi nikapewa talaka, nikarudi kwetu bara, ng'ambo ya Makupa.

Kazi sikuacha. Baadaye tukaletewa nzi wa ukoo mwingine, ambao jeni mojawapo kati ya zile mbili ilikuwa imeharibika. Tukapandisha vilevile. Madume wakatoka hai, wakikunjua mbawa.

Wenzangu walishangilia. Mimi nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nje, nikalia hadi mlinzi akaja kuuliza nani kafa.

Nilichojifunza: mfiwa mpe pole, usimtafutie sababu. Elimu nusu ikiingia msibani huwa kisu.

Aliyewahi kufikwa na haya aandike hapa chini. Na nyinyi wa "damu haziendani", karibuni pia. Ila mkumbuke mnasema na mama yao.