Hakuna Nafasi, Hata Ndogo

Nilifukuzwa kazi na bawaba.

Msicheke kwanza. Ngoja niwasimulie.

Kila asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika karakana. Nafungua dirisha, natundika mkoba, nawasha birika. Maji yakianza kuguna, navuta droo yangu.

Ilikuwa droo ya vitu vipya. Sampuli zote walizotuletea wauzaji ziliishia humo: nati zisizolegea, sumaku ndogo kama punje ya mahindi, bisibisi inayolia "tik" ukishakaza vya kutosha. Kazi yangu ilikuwa kuzijaribu na kusema ipi inatufaa.

Nilikuwa mbunifu wa vifaa. Wa majaribio, miezi mitatu.

Droo ile nilipewa wiki ya pili na Mzee Kipimo, fundi mkuu. Hakusema neno. Aliivuta, akaiacha wazi, akaenda zake.

Mzee Kipimo alipima kila kitu, hadi vipande vya mkate wake wa saa nne. Lakini maneno ndiyo aliyapima kuliko vyote. Akitaka kukuambia jambo, analiandika kwenye kadi kwa herufi kubwa, halafu anaifunga kwa waya kwenye kifaa kinachohusika.

Na mimi ni mmoja wa wale watu wanaouomba mlango radhi wakiugonga kwa bega.

Kwa hiyo tulielewana sana. Yaani, hatukuongea.

Jumanne hiyo birika likaguna, nikavuta droo. Bawaba mpya niliyokuwa naijaribu ilikuwa imevishwa kadi.

HAKUNA NAFASI. HATA NDOGO. UKILAZIMISHA UTAHARIBU.

Birika likachemka hadi likachoka, mimi bado nimesimama.

Ijumaa ya wiki ile muda wangu wa majaribio ulikuwa unakwisha, na hakuna aliyeniambia kama nitabaki. Jumatatu nikajipa moyo, nikaandika kikaratasi:

"Shikamoo Mzee. Naomba kujua kama nafasi ipo. Hata ndogo nitashukuru."

Nilikusudia kumkabidhi mkononi. Nikafika mezani kwake. Nikasema, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba." Ujasiri wangu ukaishia hapo hapo. Nikakitumbukiza kikaratasi kwenye boksi la bawaba lililokuwa mbele yake, nikakimbia kama mwizi wa kuku.

Sasa jibu ndilo lile.

Kilichoniuma zaidi ni meza. Nilikuwa nimebuni meza ya kitandani kwa wagonjwa, nikimfikiria bibi yangu. Mikono yake inatetemeka. Meza za kawaida zikimponyoka, zinambana vidole. Ile bawaba mpya ndiyo ilikuwa dawa: inashika pale pale unapoiachia, haidondoki, haibamizi. Nikiondoka, nani angeimalizia meza ya bibi?

Tena mama alishatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe ni injinia. Fundi cherehani jirani yetu alikuwa ananipisha kwenye foleni ya maji.

"Unalia nini?"

Alikuwa Dada Bushi, mtunza stoo. Jina hilo alipewa na mafundi. Bushi ni kale kabomba ka shaba kanakokaa kati ya pini na chuma ili visisagane, na yeye ndivyo alivyokaa kati ya watu wote pale. Watu wakigombana, anaingia katikati na chai.

"Vumbi," nikasema.

"Vumbi gani hilo linamchagua mtu mmoja? Haya, shika chai. Vumbi huteremka na sukari."

Sikumwambia. Ila chai ilinitia nguvu kidogo. Nikaandika kikaratasi cha pili, nikakiweka kwenye boksi lile lile.

"Mzee, naomba ulifikirie tena. Nimejitahidi sana. Hakuna njia yoyote?"

Jumatano asubuhi, kadi mpya.

NJIA IPO. TUKITOA BUSHI, NAFASI INAPATIKANA. SIKU ZAKE ZIMEKWISHA. IJUMAA TUTAMALIZA.

Nilisoma mara tatu. Mara ya nne nikakaa chini.

Sawa, najua bushi ni kifaa. Lakini kwetu pale ukitamka neno hilo, hata paka wa stoo anageuka kumtazama dada. Na herufi zote za Mzee ni kubwa, huwezi kujua lipi jina la mtu na lipi la chuma. Moyo wenye hofu haukagui tahajia.

Basi nikaelewa hivi: wanamtoa Dada Bushi ili mimi nipate pa kukaa.

Alhamisi nilikuwa kama mgonjwa. Kila nilipoingia stoo, yule dada alikuwa na mipango.

"Mwaka ujao hizi rafu nitazipaka kijani," akasema. "Unaonaje, mdogo wangu?"

"Kijani kizuri," nikasema.

"Mbona unasema kama uko msibani?"

Kisha akakata mkate wake, akanipa nusu kubwa. Akasema wanawe wawili wameanza kugombea nani atakuja kumsaidia stoo wakikua. Mkate ukanikwama. Nilitamani ardhi inimeze, lakini sakafu ya karakana ni ya zege.

Siku hiyo nikakata shauri. Kazi niliitaka kufa. Ila si kwa kumponza dada wa watu.

Ijumaa nikafika mapema kuliko mapema. Stoo ilikuwa imefungwa. Haikuwa kawaida ya Dada Bushi kuchelewa.

Mzee Kipimo alikuwa kwenye benchi lake, amenipa mgongo, anafuta mikono kwa kitambaa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Safari hii sikukimbia. Nikashika ukingo wa benchi.

"Mzee, kama nafasi yenyewe ni kwa kumtoa Bushi, mimi siitaki."

Akageuka polepole. "Mbona imeshatoka."

Nilisikia kabisa. Hakusema "ameshatoka". Nikawaza, kumbe huyu mzee mkatili, mtu mzima na akili zake amemgeuza kitu.

"Imetoka lini?"

"Jana jioni. Ilinisumbua. Ikabidi niigonge na nyundo kidogo."

"Na nyundo?"

"Kidogo tu. Ilikuwa na kutu."

Machozi yakaanza kuja yenyewe. "Mzee, ana watoto wawili."

Akavua miwani. Akaipangusa, akaivaa tena, akanitazama kama mtu anayesoma kipimo asichokiamini.

"Nani ana watoto wawili?"

"Bushi."

"Nani ananitaja na watoto wangu asubuhi yote hii?"

Dada Bushi alikuwa mlangoni, mkoba begani, mzima bila hata alama ya nyundo. Mwanawe mdogo alikuwa amekataa kwenda shule kwa kiatu kimoja, ndiyo maana alichelewa. Nilimkumbatia hadi mkoba ukaanguka.

"Huyu ana nini?" akamuuliza Mzee.

Mzee akanyoosha mkono. Alifungua kiganja. Ndani mlikuwa na kibomba cha shaba, kimelika upande mmoja.

"Bushi," akasema.

Halafu akafunua kitambaa benchini. Ilikuwa meza ya bibi. Tulikuwa tumeijaribu kwenye fremu ya zamani, na pini ya bawaba mpya ilikuwa inabana kabisa kwenye ile bushi kuukuu. Sasa alikuwa ametia mpya, aliyoichonga kwa mikono yake tangu Jumatano.

"Uliuliza kama kuna nafasi," akasema. "Nikapima. Haikuwepo."

Hapo ndipo taa ikawaka kichwani.

Nafasi! Chuoni neno hilo la ufundi tulifundishwa kwa Kiingereza tu. Lakini kwa mafundi wa pale, nafasi ni ule uwazi mdogo unaoachwa kati ya pini na tundu ili pini izunguke. Mimi naomba ajira, yeye anapima tundu. Na vikaratasi vyangu nimeviweka wapi? Kwenye boksi la bawaba.

Dada Bushi alidai avisome vyote, vyangu na kadi za Mzee. Alivisoma kwa sauti. Alipofika "ukilazimisha utaharibu", alikaa juu ya ndoo, akacheka hadi akashika mbavu.

"Kwa hiyo mimi siku zangu zimekwisha," akasema. "Na kutu ninayo."

"Mzee," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. "Sikuuliza bawaba. Niliuliza kazi. Nataka kubaki hapa."

Mzee Kipimo akaiweka ile bushi benchini. Kisha akaenda kwenye droo yangu, akaivuta hadi mwisho. Akatoa sumaku, akatoa nati, akatoa katalogi tano. Chini kabisa palikuwa na bahasha yenye alama ya mafuta ya kidole gumba.

Ndani mlikuwa na mkataba wa ajira. Jina langu. Saini yake. Tarehe ya wiki ya pili tangu nifike.

"Niliuweka juu," akasema. "Sampuli ndizo zimeongezeka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuvutia droo. Nikaiacha wazi."

Miezi yote ile nilikuwa naifungua kila asubuhi, kazi yangu iko humo imelaliwa na nati.

"Nikawa nasubiri uurudishe," akaendelea. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia. "Hukuurudisha. Nikajua hututaki. Nikaona aibu kuuliza."

Nikamtazama yule mzee mwenye nywele za chumvi na vumbi la chuma. Kumbe tulikuwa wawili.

Meza nilimpelekea bibi. Aliiachia makusudi mara kumi na moja, na mara zote ilisimama inamtazama. Rafu za stoo nazo sasa ni za kijani.

Somo langu ni hili, nanyi lichukueni kama litawafaa: kati ya pini na tundu, acheni nafasi. Kati ya moyo na mdomo, msiache hata upana wa unywele. Mtu anaweza kukuwekea jema kwenye droo unayoifungua kila siku, na bado ukalia kwa kulikosa.

Lakini simulizi haikuishia kwenye ile bahasha. Asubuhi ile ile Mzee alikuwa ameshachukua kadi na kalamu, anatafuta waya, pale Dada Bushi alipomnyang'anya vyote.

"Leo hapana kadi," akasema. "Mwambie mtoto kwa mdomo."

Mzee akakohoa. Akashika kipimo chake, akakirudisha. Akatazama dirisha, birika, kisha mimi.

"Ubaki, binti yangu," akasema. "Tangu wiki ya pili nilitaka kukuambia ubaki."