Mlango wa Warumi Mbozi

“Mbao zikitoka, lile tofali la juu litashikwa na nini?”

Mama aliniuliza mbele ya watu wote, nami ndiye niliyekuwa msomi wa chuo kikuu. Lakini nilikuwa na picha tu. Niliiona chuoni Uganda, katika kitabu cha majengo ya Warumi wa kale: daraja refu la kupitishia maji, limebebwa na matao, mawe yamejipinda hewani bila boriti hata moja. Nililewa picha ile. Nikarudi nayo Mbozi likizo, enzi za Waingereza, nikakuta kanisa letu dogo linajengwa upya kwa sababu mchwa walikuwa wamekula boriti ya mlangoni.

Baba ndiye aliyejitolea kuchoma matofali. Alikuwa amewaahidi waumini kwamba Krismasi wataingia kwa mlango ambao mchwa hawatauweza. Nikamwambia Warumi walijenga bila boriti.

“Warumi?” mzee wa kanisa akadakia. “Wale waliomsulubisha Bwana? Binti, tuingie ibadani kwa mlango wao?”

“Mbona barua ya Paulo waliandikiwa haohao, mzee?”

Watu wakacheka, baba akakubali. Tangu hapo ahadi yake ilining’inia kwenye picha yangu.

Tulitengeneza kiunzi cha mbao chenye mgongo wa nusu duara. Baba akapanga matofali juu yake kutoka kushoto na kulia mpaka yakakutana. Tofali la mwisho lilipogongwa likakaa, niliruka kama mtoto.

Kesho yake nikakuta akina mama wameshakandika mlango mzima, kiunzi kikiwa humohumo, udongo mwekundu umelainishwa vizuri ajabu. Niwalaumu vipi? Kwetu nyumba husimama kwa miti na fito zilizozikwa ukutani. Nani aliwahi kusikia mti unawekwa ili utolewe?

“Unataka kung’oa mifupa ya nyumba!” mama alisema nilipowaambia mbao lazima zitoke, na ndipo akaniuliza swali lile.

Nikamtazama baba. Alikuna kidevu. “Tusipoutoa mti huo sisi, mchwa watautoa. Afadhali utoke tukiwa tunaangalia.”

Tukaacha udongo ukauke sawasawa. Siku ya kutoa, baba aliwafukuza watu wote mlangoni, akabandua udongo uliofunika mbao, akagonga na kulegeza kabari zilizoshikilia kiunzi kwa chini. Kiunzi kikashuka kwa mlio. Vumbi likamwagika. Tofali moja likalia, *kra*, tao zima likajikaza, likatulia. Kulikuwa na hewa tupu chini ya matofali, na matofali hayakuanguka!

Mzee wa kanisa alivua kofia, akapita chini yake akiwa ameinama, ingawa nafasi ilikuwa tele. Akarudi akipita wima. “Haya,” akasema, “hawakuwa wabaya wote.”

Vigelegele! Baba alicheka huku akijifuta macho kwa mkono wenye udongo, na mama akalipigapiga tao kama mtu anayepima uzima wa ng’ombe.

Kwa Krismasi tulilipaka chokaa, iliyochomwa kutokana na mawe meupe ya kwenye chemchemi za maji moto za Songwe. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojifunza kwamba Warumi nao, walipojenga uwanja wao mkubwa wa michezo, waliuvika jiwe la aina hiyohiyo, lililozaliwa na maji ya chemchemi.