Kofia Yangu Mbele ya Senema

Aibu hii nimeificha vya kutosha, na kwa kuwa nyote mwaniita mtu wa hesabu, acheni niwaeleze siku hesabu yangu iliponiumbua mbele ya watu wa Wawi.

Ilikuwa zamani, senema bado hazisemi, akaja mgeni na mashine ya kuzungusha kwa mkono, akatundika shuka katika ghala la karafuu. Picha ilikuwa na vita vya mapanga. Shehe Hamadi akakataa: "Kuua kwa kufurahisha watu kunatia ugumu moyoni." Bi Mize, muuza vitumbua, akamjibu: "Shehe, ng'ombe wa Idi anachinjwa watoto wakitazama, leo niogope damu ya kwenye shuka?" Wakabishana hadi nami (mjuzi wa kila kitu) nikatoa suluhu: vita vikifika, nitaiziba mashine kwa kofia yangu. Shehe akaridhia kwa sharti moja, damu ikionekana, senema haitarudi Wawi.

Nikaomba nioneshwe peke yangu siku moja kabla, nikahesabu kwa tasbihi tangu mwanzo: mizunguko mitatu na punje kumi na moja, mapanga yakatoka.

Kesho yake baada ya Alasiri ghala lilijaa pomoni, nami nikasimama kando ya mashine, macho kwenye tasbihi. Nisichokihesabu ni mkono wa mgeni, ambaye kwa joto lile alitaka kumaliza mapema, akawa anazungusha mbio mbio. Niko mzunguko wa pili nikasikia watu wote "Yallah!", lakini mimi (mtu wa utaratibu) nikaendelea, maana wakati haujafika. Mizunguko mitatu ilipotimia na punje ya kumi na moja kupita, nikaziba kwa madaha.

"Toa kofia, we baba!" Bi Mize akapiga kelele. "Mkono wa mtu ushakatika tumeuona, sasa wanapatana ndiyo watuzibia?"

Nikaogopa kuitoa (je, kama vita bado?), nikaishikilia hivyo hivyo mpaka picha ikaisha, watu wakizomea.

Mlangoni Shehe alikuwa ananingoja. Nikajua senema ndiyo basi. Akaniinamia sikioni: "Yule kijana aliyekatwa mkono, alipona?"

"Sijui, Shehe," nikasema. "Siwezi kutazama damu. Jana pia nilifumba macho."

"Basi mgeni arudi aioneshe tena," akasema, "lakini kofia yako ibaki kichwani."

Tangu siku ile sijajitolea tena kumziba mtu macho. Nafumba yangu, yananitosha.